Alama 9 iliyokuwa ikizila zenzake: kisa cha mwalimu na gurudumu lake

Alikuja na daftari, na ndani yake mduara uliochorwa kwa bikari. Mduara ulikuwa umekatwa vipande vinane sawasawa, kila kipande kimepakwa rangi hadi pale alama yake ilipofikia. Ungeuona ungedhani ni kazi ya mwanafunzi anayetafuta sifa. Kumbe mwenye daftari ni mtu wa miaka 43, mwalimu wa hisabati wa sekondari, mume wa mtu na baba wa watoto wawili. Alilifungua mezani kwangu akasema, "Mshauri, nimefuata kila kitu kilichoandikwa. Sasa niambie kwa nini nimechoka kuliko nilipoanza."

Mambo machache katika kisa hiki nimeyabadilisha ili asitambulike. Alama za kwenye mduara nimeziacha zilivyokuwa, maana kisa chote kimo humo.

Gurudumu la ustawi wengi wameshaliona. Mtu hugawa maisha yake katika nyanja, kila nyanja akaipa alama kati ya 1 na 10, kisha akazichora kwenye mduara. Palipobonyea ndipo anapoambiwa apashughulikie. Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1976 daktari Bill Hettler wa Marekani alitaja nyanja sita: mwili, hisia, akili, jamii, kazi na roho. Baadaye mtafiti Peggy Swarbrick akaeneza orodha ya nane, kwa kuongeza fedha na mazingira anamoishi mtu. Hiyo ya nane ndiyo aliyoitumia mwalimu. Nyuma yao wote iko Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inayosema afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kukosa maradhi tu. Neno "kamili" hapo limewasumbua wengi tangu siku ile. Nadhani lilimsumbua na mwalimu bila yeye kujua.

Alama zake zilikuwa hizi: kazi 9, fedha 7, akili 6, mazingira 5, roho 4, kisha hisia, jamii na mwili zote 3. Na kwa kuwa ni mwalimu wa hisabati, chini ya mduara alikuwa amepiga wastani: 40 gawanya kwa 8, sawa na 5. Ameizungushia mstari mwekundu. Lengo lake, aliniambia, lilikuwa kuifikisha 8 ndani ya miezi mitatu.

Huo wastani ulinipa shaka papo hapo. Mtu mwenye 5 kila mahali na mtu mwenye 9 mahali pamoja na 3 mahali patatu wanaweza kupata wastani uleule, na maisha yao hayafanani hata kidogo. Yeye huyafundisha haya darasani kila mwaka. Nilipomwambia alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Ratiba iliyotaka kuokoa kila kitu

Kabla hajanifikia alikuwa ameshajitibu mwenyewe kwa wiki tatu. Alitazama vipande vilivyobonyea, akaandika ratiba. Aamke saa kumi na nusu alfajiri badala ya saa kumi na moja na nusu. Akimbie dakika 30, asali na kutafakari dakika 15, asome kitabu kisichohusu kazi dakika 15. Jumatano jioni ampigie rafiki. Jumamosi alasiri atoke na familia. Kila usiku aandike mambo matatu ya kushukuru. Ratiba ilikuwa nzuri kuitazama, imepigwa rangi zilezile za mduara.

Mshika mawili moja humponyoka, na huyu alishika manane.

Kilichofanyika ni hesabu ya kutoa. Kulala alikuwa akilala saa sita usiku, na hilo halikubadilika, kwa sababu madaftari ya wanafunzi yalikuwa bado yanamsubiri. Kwa hiyo saa moja ya uzima mpya aliitoa kwenye usingizi: kutoka saa 5 na nusu akashuka hadi saa 4 na nusu. Wiki ya pili alikosea ishara ya kutoa na kujumlisha ubaoni, kosa ambalo hangelifanya hata akiwa na homa, na mwanafunzi wa nyuma kabisa ndiye aliyemsahihisha. Wiki ya tatu alisinzia akiwa anaendesha gari, sekunde chache tu, akazinduliwa na honi ya mwingine. Usiku huo kwenye mambo matatu ya kushukuru aliandika moja.

Kuna utafiti ulioongozwa na Hans Van Dongen, ukachapishwa mwaka 2003, ambao huwa nawasimulia watu wa aina yake. Watu wazima 48 walishiriki, na baadhi yao walipunguziwa usingizi kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa 6 au chini ya hapo walishuka umakini hadi kufanana na mtu aliyekesha, hata siku mbili nzima bila usingizi kwa walioathirika zaidi. Jambo linaloniogopesha mimi ni hili: wao wenyewe kwa sehemu kubwa hawakujiona wamechoka kiasi hicho. Mtu anayejipa alama za ustawi akiwa katika hali hiyo anapima kwa mizani iliyolegea. Mwalimu alijipa 6 kwenye akili. Sina hakika alikuwa nazo.

Kitu cha kwanza nilichomtaka afanye hakikuwa na uhusiano na gurudumu. Nilimtuma kwa daktari. Uchovu una sababu nyingi zisizotibika kwa ratiba: upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo iliyopungukiwa na kazi, kukoroma kunakokata pumzi usingizini. Nilimwuliza pia, bila kuzungukazunguka, kama amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, na kama amewahi kuona afadhali asingekuwepo. Swali la pili alilijibu hapana, kwa sauti ya mtu aliyeshangazwa. Angejibu ndiyo, tungeyaweka madaftari pembeni na kisa hiki kingekuwa kingine kabisa. Vipimo vilirudi salama isipokuwa shinikizo la damu, 142 kwa 90, na daktari akamtaka alipime kwa siku kadhaa kabla ya kuamua lolote.

Saa 168

Tulipokutana tena nilimpa kazi anayoipenda: kuhesabu. Wiki ina saa 168. Shuleni 45. Kusahihisha na kuandaa masomo nyumbani usiku 12. Tuisheni ya mwisho wa wiki 8. Hiyo ni kazi ya saa 65. Safari za kwenda na kurudi 7. Usingizi, kwa kiwango chake cha kabla ya ratiba, 38 na nusu. Jumla 110 na nusu.

Akatazama kilichobaki, saa 57 na nusu, akaguna. "Haiwezekani. Mimi sina muda hata wa kukata kucha."

Toa kuoga, kula, kazi za nyumbani na mengine ya lazima, tuseme saa 20. Bado zinabaki 37 na ushei. Zimekwenda wapi? Hapa watu wengi hukimbilia kujilaumu kwa uvivu au kwa simu, na kweli simu ilikuwemo, lakini haikuwa ya kuchekea video. Mwalimu alikuwa kwenye makundi manne ya wazazi, na ujumbe uliingia hadi saa tano usiku. Mzazi mmoja anauliza zoezi la ukurasa gani, mwingine analalamikia alama, wa tatu anatuma picha ya hesabu isiyosomeka. Kila ujumbe ni dakika mbili. Baina ya ujumbe na ujumbe yupo sebuleni, lakini ni kama hayupo. Binti yake wa miaka 11 alishamwambia, "Baba, wewe huniuliza swali halafu hungoji jibu."

Sentensi hiyo ilinisaidia kuliko mduara wote. Watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walionyesha mwaka 2007 kwamba kupumzika baada ya kazi si kitu kimoja. Kuna kutulia, kuna kujifunza jambo geni nje ya kazi, kuna kuwa na uamuzi juu ya muda wako, na kuna kujitenga na kazi kimawazo, yaani kuondoka kazini na kichwa pia. Mwalimu alikuwa na saa, ila kichwa hakikuwa kimetoka shuleni tangu Jumatatu. Basi zile saa 37 hazikuwa mapumziko wala kazi, zilikuwa saa za kusubiri kuitwa. Mtu anaweza kuwa nazo nyingi na asipumzike hata moja.

Na zile 65 zenyewe si za kupuuzwa. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, wakilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, wana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Hizo ni hesabu za umma, hazimtabirii mtu mmoja. Lakini mtu mwenye 142 kwa 90 anaruhusiwa kuzisoma mara mbili.

Tulikuwa tukitazama pasipopaswa

Hadi kikao cha tatu sote wawili tulikuwa tukikodolea macho zile tatu tatu. Hilo ndilo gurudumu linalokufundisha: tafuta bonde, lijaze. Kosa langu ni kwamba nilichelewa kumwuliza habari za kilima.

"Kwa nini kazi uliipa 9?" nilimwuliza.

Alidhani ni swali la kijinga. Matokeo ya wanafunzi mazuri, wazazi wanamshukuru, mkuu wa shule anamtegemea. Nikarudia swali, nikanyamaza. Mwishowe akasema, "Pale shuleni swali lina jibu."

Nyumbani, ikaja kufahamika, yalikuwepo maswali yasiyo na jibu. Si ugomvi. Yeye na mke wake walikuwa wamefika kwenye ule ukimya wa adabu, ambapo watu huambizana habari za bomba na za ada, basi. Mtoto wa kwanza, kijana, hakupenda hisabati na hakuficha. Shuleni mwalimu alikuwa mtu wa maana; nyumbani alikuwa mtu anayechelewa. Ukiwa na mahali pawili pa namna hiyo, kazi nyingi hazikuandami tu, na wewe unazikimbilia.

Kwa hiyo ile 9 haikuwa mafanikio yaliyosimama peke yake huku pembeni pakiwa na matatizo mengine matatu. Ilikuwa inalipiwa. Usingizi uliilipia kila usiku, mwili ukafuata, binti yake aliilipia kwa maswali yasiyongojewa majibu. Ukizitazama nyanja kama vipande vya mduara unaona vimekaa kila kimoja na mpaka wake, kama mashamba yaliyopimwa. Havikai hivyo. Vinakopeshana, na mara nyingi mkopaji mkubwa ndiye mwenye alama nzuri kuliko wote, ndiyo maana hakuna anayemshuku. Tangu kisa hiki, mtu akiniletea gurudumu, jicho langu huenda kwanza kwenye alama ya juu.

Kushusha kwa makusudi

Nilipendekeza tuifute ratiba yote na tuweke jambo moja: siku ya kazi iwe na mwisho. Kwake "mwisho" kulimaanisha vitu halisi. Madaftari yasahihishwe shuleni hadi saa kumi na mbili jioni, yasibebwe kurudi nyumbani. Wazazi waambiwe kwamba majibu yatatoka kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu, na baada ya hapo makundi yanyamazishwe. Kitandani saa nne na nusu. Kukimbia kusubiri. Daftari la shukrani kusubiri. Hata kitabu kisubiri.

Alikataa. Hakukataa kwa maneno, alikataa kwa hesabu: madaftari yake yalikuwa 140 kwa wiki na muda huo haukutosha. Alikuwa sahihi, haukutosha. Basi ikabidi tulizungumze lile ambalo vitabu vingi vya kujiendeleza hulipita kimyakimya, kwamba kitu fulani kitashuka. Hakuna namna ya kupandisha usingizi kwa saa moja na nusu kila usiku na kazi ibaki 9.

Tulikaa na hilo vikao viwili. Akaamua kwamba nusu ya mazoezi wanafunzi watasahihishiana wenyewe ubaoni, yeye akabaki na majaribio na mazoezi magumu. Akaacha kipindi kimoja kati ya viwili vya tuisheni. Hapo fedha ikaguswa, na fedha si yake peke yake, kwa hiyo ilimlazimu akae na mke wake waitazame bajeti. Alikiogopa kikao hicho kuliko kikao chochote cha wazazi. Walianza na bajeti saa mbili usiku, wakamaliza saa tano, na sehemu kubwa haikuwa ya fedha. Zaidi ya hapo hakuniambia, nami sikumchimba. Siku hiyo walivunja sheria ya saa nne na nusu na nilimwambia ni halali.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Wazazi watatu walilalamika. Saa moja usiku mkono ulikwenda kwenye simu wenyewe. Alilala mapema akawa anakodoa macho kwenye dari, akanipigia kuniambia njia yangu haifanyi kazi. Mwili uliozoea kulala saa sita hauwezi kuhamishwa kwa amri. Tukarudi nyuma, akawa anasogeza dakika 15 kila baada ya siku chache, huku saa ya kuamka ikibaki palepale. Wiki ya tano akafika saa 7 za usingizi. Mazoea hayana haraka: katika utafiti wa Phillippa Lally uliochapishwa mwaka 2010, watu walichukua siku 66 kwa kadirio la kati kufanya jambo jipya liwe la kujiendea, wengine siku 18 tu, na wengine ilikadiriwa wangehitaji 254.

Wiki ya kumi alichora mduara upya, safari hii bila rangi. Kazi 7. Fedha 6. Akili 6. Mazingira 5. Roho 4. Hisia 6. Jamii 4. Mwili 6. Akapiga wastani, mazoea yana tabu. 44 gawanya kwa 8. "Tano nukta tano," akasema. "Mshauri, wiki kumi kwa nusu alama!"

Nikamwuliza kama anajisikia mtu aliyeongeza nusu alama. Akasema hapana, anajisikia mtu mwingine.

Tuzitazame hizo alama moja moja, maana hazikwenda pamoja. Mwili ulipanda 3 bila programu yoyote ya mazoezi. Alipopata usingizi, jioni alikuwa na nguvu za kutembea, akaanza kutoka na binti yake dakika 25 kabla ya giza. Kwa siku sita za kila wiki ni dakika 150, kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima, ikiwa mwendo ni wa haraka kidogo. Kwamba mwendo wa binti wa miaka 11 anayesimulia ni wa haraka, siwezi kuapa. Shinikizo la damu lilishuka hadi karibu na 130 kwa 84. Daktari anaendelea kulifuatilia, na mimi sidai kwamba ni kazi ya usingizi peke yake.

Roho ilibaki 4. Nilipomwuliza kama tuishughulikie alisema, "Sasa hivi hainisumbui." Nikaiacha. Si kila bonde ni shimo. Mengine ni umbo la mtu katika kipindi hicho cha maisha yake, na akitaka kulifukia siku moja atasema.

Jamii ndiyo iliyonisuta. Nilitarajia ingejipandisha kama mwili, kwa kuwa sasa alikuwa na muda na nguvu. Haikupanda. Marafiki aliowaacha miaka sita hawakurudi kwa sababu yeye amelala vizuri. Usingizi ni deni unaloweza kuanza kulilipa ukiwa peke yako chumbani. Urafiki unamhitaji mwenzako, na mwenzako ana kinyongo chake, ana ratiba yake. Alimpigia mmoja mara mbili bila kupokelewa. Ile alama moja iliyoongezeka, alikiri, ilikuwa ya mke wake.

Hilo halikuwa la kusubiri. Uchambuzi uliokusanya tafiti 148, ulioongozwa na Julianne Holt-Lunstad na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wenye uhusiano dhaifu, katika kipindi walichofuatiliwa. Kwa hiyo jamii ilipata mpango wake peke yake, mdogo: mtu mmoja, simu moja kwa wiki, bila kuomba radhi ndefu.

Kisha mitihani ya mwisho wa mwaka ikakaribia. Alikuja akiwa na wasiwasi kwamba kila kitu kitaporomoka. Nilimwambia kazi ipande 9 kwa wiki nne, ndivyo msimu ulivyo, na kulazimisha usawa wiki ya mitihani ni kujitafutia ugomvi. Nilitaka mambo mawili tu. Usingizi usishuke chini ya saa 6 na nusu, na tarehe ya kurudi iandikwe mahali ambapo watu wengine wanaiona. Binti aliiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu.

Alirudi siku tisa baada ya tarehe ile. Usingizi ulishuka hadi saa 6 kwa wiki mbili, makundi ya wazazi yaliamka tena, na siku ya kumi na moja ya kusahihisha alibeba madaftari nyumbani. Yalikaa kwenye gari usiku kucha, hakuyashusha. Simu ya tatu kwa rafiki yake ilipokelewa. Walizungumza dakika nne, nyingi zikiwa za kimya, wakakubaliana wazungumze tena.